Mshipa wa Aibu

"Na huyo aliyemwambia abadilishe mto wa kulalia alikuwa nani? Mpishi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Aliyeuliza alikuwa Stratos, daktari kutoka Kavala, mtu ambaye hata msibani angepata la kuchekesha.

Evanthia alikuwa amesimama mbele yao. Nyuma yake ukutani kulikuwa na picha ya kichwa cha mwanaume wa miaka thelathini na tisa. Upande wa kushoto wa ubongo ulikuwa na doa jeupe, kubwa kama yai. Pembeni ilikuwepo picha ya shingo, mshipa mkubwa wa damu umechanika kwa ndani na kusinyaa kama mkia wa panya.

"Jibu basi, dada," Stratos akaendelea. "Mtu analalamika shingo siku kadhaa, kope la kushoto limeanza kuanguka, halafu anaambiwa 'umelala vibaya'! Hata muuza magazeti angeshtuka."

"Sijui ni nani," Evanthia akajibu. "Mgonjwa hakusema."

Profesa Themeli, mama wa nywele fupi za mvi, akavua miwani.

"Hakusema, au hawezi kusema?"

"Hawezi, Profesa. Anaelewa kila kitu, ila maneno hayatoki."

"Na anajua kwamba leo tunamjadili hapa?"

Evanthia akaitazama picha ya ukutani.

"Anajua."

Alisema uongo mara mbili ndani ya dakika moja, na mara zote mbili sauti yake haikutetemeka. Mgonjwa wa ukutani alikuwa Anestis, mume wake wa ndoa. Aliyemwambia abadilishe mto ni yeye mwenyewe, Evanthia, daktari wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu.

Wakati ule walikuwa wanaishi Serres, mji mdogo wa Ugiriki. Anestis alikuwa wakili, mtu anayepata riziki kwa mdomo wake, akisimama mahakamani hata hakimu anasahau kuangalia saa. Jumapili moja akapanda ngazi kupaka rangi dari la sebule, shingo ameikunja mchana kutwa. Kesho yake akasema inamuuma. Keshokutwa akasema tena. Evanthia alikuwa anatoka zamu, anaingia zamu. Akampa vidonge vya maumivu na kumwambia habari za mto. Mwisho wa wiki Anestis akaanguka jikoni, na tangu siku hiyo maneno yakawa yanamtoka moja moja, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu.

Ndipo Evanthia alipoacha kazi Serres, wakahamia Thesaloniki, mtaa wa Tumba, karibu na mama mkwe, na yeye akaingia masomo ya juu ya uzamili ya kiharusi na magonjwa ya mishipa ya damu. Kwa ajili ya mume wake. Lakini siku ya kwanza chuoni, walipozunguka kila mtu kujitambulisha, zamu yake ilipofika alijikuta anasema, "Mimi niko peke yangu tu." Pete ilikuwa ndani ya mkoba. Haikutoka tena.

Baada ya kipindi wakavuka barabara, wakakaa mgahawani, kahawa za barafu mezani. Stratos akavuta kiti karibu na Evanthia.

"Usinune bwana, nilikuwa natania. Kazi yako ilikuwa nzuri kuliko zote. Ijumaa tukale samaki, nilipe mimi?"

Simu ikalia. Ujumbe wa Anestis: *Miwani mezani. Wewe sahau. Mimi kuja leta.*

Akaandika haraka: *Usije! Kaa nyumbani, nitaifuata mwenyewe.*

Alikuwa amechelewa. Mlango wa mgahawa ukafunguka na Anestis akaingia, mguu wa kulia ukiburuta kidogo, mkono wa kulia umebanwa kifuani. Mkono wa kushoto ulishika mfuko wa karatasi wenye bugatsa ya moto, andazi la krimu lenye sukari juu, mafuta yamelowesha chini. Alikuwa amevaa koti lake la mahakamani. Alipomwona mkewe, nusu ya uso wake ikatabasamu.

"E... Eva... Eva..."

"Huyu bwana anamtafuta nani?" Stratos akauliza. "Amelewa saa hizi?"

Meza nzima ikageuka kumtazama Evanthia.

"Ni fundi wa bomba," akasema. "Nilimwachia funguo, sinki limeziba. Nadhani ameniletea miwani yangu."

"Aaa, karibu fundi!" Stratos akachangamka. "Hata kwangu bafu linavuja, niachie namba yako!"

Anestis alisimama. Kiharusi kilimnyang'anya mdomo, masikio yalikuwa salama. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, na Evanthia akainamisha macho kwenye glasi.

"Fu... fundi," Anestis akasema. "Ndiyo. Fundi."

Akatoa miwani mfukoni, akaiweka mezani taratibu. Akaweka na bugatsa. Kisha akageuka, akatoka, na kupitia kioo Evanthia aliona jinsi alivyosubiri magari yapite, peke yake, kola ya koti imegeuka ndani upande mmoja.

"Mafundi wa siku hizi wana adabu, wanaleta na kifungua kinywa!" Stratos akafungua mfuko, akagawa. Evanthia akapewa kipande. Akakila. Ndiyo, alikila, chote, na sukari akajipangusa midomoni.

Stratos peke yake ndiye aliyeacha kutafuna.

"Evanthia, ule mkono umeuona? Na maneno yale? Fundi wako ana kiharusi cha upande wa kushoto. Sawasawa na yule wa ukutani."

"Wako wengi," Evanthia akasema.

Stratos akamtazama, akasukuma kipande chake pembeni.

* * *

Nyumbani hapakuwa na mtu. Viatu vya Anestis vya kutembelea havikuwepo, wala mswaki, wala dawa za presha. Ujumbe ukaingia akiwa bado kasimama mlangoni na koti.

*Mimi kwa mama. Usije.*

Akaenda hivyo hivyo.

Kyria Parthena, yaani Bi Parthena, mama yake Anestis, aliishi Kalamaria ghorofa ya chini, nyumba yenye ua na mlimau mmoja. Alifungua mlango nusu, aproni kiunoni, unga mpaka kwenye viwiko.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Mimi nani? Nina mtoto mmoja tu, na yuko ndani."

"Mama, nakuomba. Niongee naye."

"Uongee naye nini? Kaongee na bomba." Mama akafungua mlango wote ili majirani nao wapate faida. "Ameingia hapa ameinama kama kuku aliyenyeshewa, namuuliza kulikoni, anasema neno moja tu: fundi, fundi. Nikadhani amerudiwa na kiharusi! Mpaka alipoandika kwenye simu nikaelewa. Mimi nilipomwoza mwanangu nilimpa mke, sikumpa tajiri wa kumtuma bafuni!"

"Nimekosa, mama."

"Watu wanasoma wapate akili. Wewe umesomea mishipa yote ya mwili wa binadamu, na mshipa wa aibu ndio umeukata!"

Jirani wa juu alikuwa ameshatoka kibarazani kumwagilia maua.

"Mama," sauti ikatoka ndani. "Acha."

Anestis alikuwa jikoni, amekaa mbele ya chai ambayo hakuigusa. Evanthia akakaa mkabala naye. Alikuwa amejipanga njia nzima, akamwaga yote kwa mkupuo.

"Anestis, nisikilize. Sikuona haya kwa sababu yako. Niliona haya kwa sababu yangu mimi. Uliniambia shingo inauma, uliniambia tena na tena, mimi nikakwambia habari za mto. Mimi, daktari! Wale wakikujua wewe watauliza kulikuwaje, watauliza mke wake alikuwa wapi. Ndiyo maana nikakuficha. Kila nikikuona unavyohangaika na neno, najua ni nani aliyekunyang'anya. Mimi ndiye..."

Anestis akainua mkono wa kushoto.

"Shingo," akasema. "Jua. Mimi... jua."

"Unajua nini?"

"Zamani. Hos... hospitali. Daktari... sema. Mimi... sikia."

"Ulijua tangu hospitali kwamba ningeweza kukuokoa? Na hukuniambia?"

Nusu ya uso ikacheka.

"Sema... vipi?"

Kisha akalitafuta neno. Mishipa ya shingo ikamtoka.

"Wewe... kazi. Usiku, mchana. Cho... choka. Mimi... sa... same..."

"Umenisamehe?" Evanthia akarukia.

Anestis akapiga meza kwa ngumi, chai ikamwagika.

"Samehe!" akamaliza mwenyewe, uso umemwiva. "Mimi! Mimi sema! Shingo... samehe. Fundi..." Akatikisa kichwa polepole. "Fundi, hapana."

Evanthia alihisi kama kakaa uchi mbele ya watu. Muda wote ule alikuwa analificha kosa ambalo Anestis alishalisamehe, na katika kulificha akamtenda lingine kubwa zaidi. Na bado hakuwa amemaliza.

"Kuna lingine," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Picha zako za kichwa. Nilizionyesha leo darasani. Sikukuomba. Profesa akauliza kama unajua, nikasema unajua."

"Jina?"

"Sikutaja jina. Nilisema mgonjwa."

Anestis akafuta chai mezani kwa kiganja, mara moja, mara mbili, kama mtu anayefuta maandishi.

"Nyumbani... mume," akasema. "Darasani... picha. Nje... fundi."

"Anestis..."

"Nenda."

Hilo lilitoka lote, bila kukwama.

* * *

Jumatatu Evanthia aliomba nafasi kabla ya somo kuanza. Alikuwa amevaa pete.

"Yule mgonjwa niliyewaletea wiki iliyopita anaitwa Anestis," akasema. "Ni mume wangu. Hakujua kwamba nawaonyesha picha zake. Nilidanganya."

Stratos akaweka kalamu chini.

"Aliyemwambia abadilishe mto ni mimi. Na yule mtu aliyeniletea miwani mgahawani..."

"Sio fundi," Stratos akasema taratibu.

"Sio fundi. Ni wakili. Na mlipomtania, nilikula bugatsa yake na nyinyi."

Profesa Themeli akamwacha asimame pale muda mrefu, na Evanthia akaona hiyo ni haki yake.

"Mto ni kosa la daktari," Profesa akasema mwishowe. "Humu ndani kila mwenye umri wangu ana mto wake, na asiyekuwa nao bado hajafanya kazi ya kutosha. Lakini nilikuuliza kuhusu mtu, ukanijibu uongo. Hilo si kosa la daktari. Kazi yako naifuta. Muhula huu utaurudia mwakani na wanafunzi wapya."

"Sawa, Profesa."

"Na ukirudi, uje na mgonjwa aliyekubali kwa hiari yake. Awe yeye au mwingine."

Nje ya ukumbi Stratos akamfuata, mikono mifukoni. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na mzaha.

"Nilimwita mlevi."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaniacha nile bugatsa yake."

"Ndiyo."

"Hata sijui kati yetu nani anapaswa kuona haya zaidi."

"Mimi," Evanthia akasema. "Wewe hukujua."

"Nilishuku. Nikaogopa kuuliza." Akakuna shingo. "Mpe salamu zangu. Au usimpe. Sijui. Mwambie tu kuna mjinga mmoja wa Kavala anaomba radhi."

Jioni akamwandikia Anestis: *Nimewaambia wote. Jina lako, mto, mgahawa, yote.*

Jibu lilichukua muda mrefu. Alijua kwamba lile jibu fupi lilikuwa linaandikwa kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi.

*Wao sema nini?*

*Walinyamaza. Nimefutiwa muhula.*

*Vizuri.*

Hakujua ni kipi kizuri, kunyamaza kwao au kufutiwa kwake. Hakuthubutu kuuliza.

Akaendelea kuandika kila siku. Siku nyingine alijibiwa *Sawa*. Siku nyingine hakujibiwa. Aliwahi kuandika *Nakupenda*, akaifuta kabla haijaenda, kwa sababu mtu aliyemkana mumewe mbele ya kahawa anaanzia wapi kutamka neno kama hilo? Badala yake akaandika, *Sinki limeziba kweli sasa.* Alipotambua alichoandika, akaona uso unamuwaka. Lakini jibu likaja: *Ha.*

Herufi mbili tu. Evanthia alilia juu yake kama mtu aliyepata barua.

Kwaresima ikafika mwisho, chuo kikafungwa, wenzake wakatawanyika makwao. Jumamosi Kuu, mchana, simu ikalia. Kyria Parthena.

"Uko wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Sikiliza. Mimi sijakusamehe, usijidanganye. Ningekuwa mimi ningekuacha uoze. Lakini kesho Pasaka, na Pasaka, siku ya ufufuo, ndiyo sikukuu ya jina lake, na mtoto anakaa dirishani kama paka. Nimechoka kumtazama."

"Amesema nije?"

"Hajasema. Kwani wewe unasubiri aseme? Mtu anayetoa maneno matatu kwa siku unataka alitumie moja kukuita wewe? Njoo mchana. Na usiniletee mkate wa dukani."

Hakulala vizuri. Asubuhi akakanda mkate wa Pasaka mwenyewe, ukaungua upande mmoja, akaubeba hivyo hivyo.

Ua wa Kalamaria ulikuwa umejaa moshi na watu. Wajomba, shangazi, binamu kutoka Kilkis, mayai mekundu kwenye bakuli, mwanakondoo mzima juu ya makaa. Anestis ndiye aliyekuwa akizungusha mti wa nyama kwa mkono wake wa kushoto, jasho limemtiririka. Alikuwa mwembamba kidogo. Kola ya shati lake ilikaa sawa, na Evanthia akajua ni mkono wa mama.

Mazungumzo yakakatika moja baada ya jingine, kama redio zinazozimwa. Wote walikuwa wamesikia. Evanthia akasimama getini na mkate wake ulioungua, na kila jicho lililomwangalia alilihisi kwenye ngozi. Akatamani kugeuka. Akakumbuka mgongo wa mtu aliyesubiri magari yapite, peke yake. Akabaki pale.

Hakujua aanze na nini, akasema kile ambacho siku ile kila mtu humwambia kila mtu.

"Kristo amefufuka."

"Kweli amefufuka!" Anestis akajibu.

Lilitoka zima, limenyooka, kwa sauti ile ile ya zamani ya mahakamani. Sahani ikamponyoka shangazi mmoja. Kyria Parthena akapiga ishara ya msalaba mara tatu.

"Mwanangu amesema! Bikira Maria, mwanangu amesema! Muujiza!"

Evanthia alijua haukuwa muujiza. Alikuwa ameyasoma hayo kitabu baada ya kitabu: sala, nyimbo, maneno ambayo mtu ameyazoea tangu utotoni huwa na njia yao yenyewe, hutoka hata pale mengine yote yamekwama. Mwezi mmoja nyuma angewaeleza. Sasa akawaacha na muujiza wao.

Anestis naye alikuwa anacheka, mabega yakimtikisika.

"Muujiza... hapana, mama," akasema. "Hiyo... ya Mungu." Akajigusa kifua. "Sasa... yangu."

Akamwachia binamu mti wa nyama. Akaja mpaka getini akiburuta mguu, akasimama ubavuni kwa Evanthia, akawageukia ndugu zake.

"Huyu..." akaanza.

Neno likakwama. Watu wakasubiri. Makaa yakapasuka, mafuta yakadondoka. Anestis akafumba macho, akafumbua.

"Huyu..."

"Mkeo?" mjomba mmoja akamsaidia.

"Wewe mwache!" Parthena akafoka.

Evanthia alikuwa analijua lile neno. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na ulimi ulimuwasha. Akaubana mkate kifuani na hakusema kitu. Akasubiri, uso umemwiva mbele ya ukoo mzima, na kungoja kukawa kurefu, kurefu mpaka mtoto mmoja akaanza kucheka na kunyamazishwa.

"Huyu... m-mke... wangu," Anestis akasema. Akavuta pumzi. "Mimi... kasirika... bado."

"Najua," Evanthia akanong'ona.

Anestis akainua kidole kumwambia hajamaliza.

"Leo... kula," akasema. "Ke... kesho..."

Hakuna aliyemsaidia.

"Kesho... nyumbani."

Akauchukua ule mkate mikononi mwa mkewe, akaugeuza, akauona ulivyoungua. Akauinua juu watu wote wauone.

"Haya basi, mpeni sahani!" Kyria Parthena akapaza sauti, huku akijifuta macho kwa aproni. "Atasimama getini hapo mpaka lini?"